Mlonge, Habbasoda na Figo za Mgonjwa: Panya Walituambia Nini?

Shangazi yangu alipokuwa akitibiwa saratani ya mlango wa kizazi, kila wiki alikuwa na siku yake ya sisplatini, dawa ya saratani inayoingizwa kwa dripu. Siku hiyo tuliamka alfajiri. Kabla dawa yenyewe haijaletwa alitundikiwa dripu ya maji ya chumvi, ikaisha, akatundikiwa nyingine, ndipo nesi alipokuja na mfuko uliofunikwa usipigwe na mwanga. Kazi ya mimi niliyemsindikiza ilikuwa kuandika kwenye karatasi amekunywa maji vikombe vingapi na amekwenda haja ndogo mara ngapi.

Wiki ya tatu jirani yetu, mama mwenye huruma ya kweli, alituletea chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji ya kijani mazito kama mlenda. Ni majani ya mlonge, alisema, ameyatwanga na kuyachuja kwa mkono wake. "Mpe glasi asubuhi na glasi jioni. Wataalamu wamethibitisha, inalinda figo zisiharibiwe na dawa za saratani." Akatoa simu atuonyeshe ujumbe.

Niliusoma ujumbe ule nikiwa tayari kukuta uzushi, na sikuukuta. Tafiti zinazosema hivyo zipo, tena ni nyingi. Kitunguu saumu kimejaribiwa Meksiko dhidi ya madhara ya jentamisini, antibiotiki ya sindano, tangawizi imejaribiwa India dhidi ya sisplatini, na mlonge, habbasoda, manjano, komamanga na rosela zimepita kwenye maabara za nchi chungu nzima, za Afrika zikiwemo. Karibu zote zilileta jibu lilelile: figo ziliumia kidogo kuliko zingeumia bila mmea. Kwa hiyo jirani hakudanganya wala hakudanganywa. Shida ni kwamba figo zilizopona hazikuwa za watu, na kati ya kizimba cha panya na kitanda cha wodini pana mwendo mrefu ambao ujumbe wa simu huuruka wote.

Tuanzie kwenye figo zenyewe. Ni mbili, kila moja kama ngumi ya mkono, lakini hupokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji, kisha huyarudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja na nusu au mbili tu zitoke kama mkojo. Kazi hiyo ya kurudisha hufanywa na vijifereji vyembamba, na seli zinazotandikwa ndani yake zina milango maalumu ya kuvuta vitu vyenye faida: protini, sukari, chumvi. Dawa nyingi hupita kwenye milango hiyohiyo. Ndiyo maana figo huumizwa na dawa ambayo viungo vingine vinaivumilia: damu inapita na dawa kidogo, lakini seli ya kijifereji inaikusanya na kuirundika.

Chukua jentamisini, sindano ambayo imeokoa watoto wachanga wasiohesabika wenye maambukizi ya damu. Inaingia kwenye seli kwa mlango uitwao megalini, inarundikana ndani ya vijifuko ambavyo kazi yake ni kusaga taka za seli, vijifuko vinavimba na kupasuka, na seli inakufa. Kwa kawaida hilo hujitokeza baada ya siku tano hadi saba za sindano, na makadirio ya vitabuni ni wagonjwa 10 hadi 25 katika kila 100. Kinachonitisha zaidi ni kwamba mkojo huendelea kutoka kama kawaida, kwa hiyo mgonjwa na ndugu zake hawaoni dalili yoyote. Ni kipimo cha damu tu kitakachosema. Habari njema ni kwamba mara nyingi figo hizo hurudi zikiwahiwa.

Sisplatini inapita mlango mwingine. Ikishaingia hung'ang'ania vinasaba vya seli ya figo na kuvifunga kama inavyovifunga vya seli ya saratani, huharibu vinu vya nishati vya seli, na huiacha figo ikimwaga magnesiamu kwenye mkojo. Kati ya robo na theluthi ya wanaopewa dawa hii huumia figo kwa kiwango fulani. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wanawake wa Afrika Mashariki wanaijua kwa uchungu, sisplatini ya kila wiki pamoja na mionzi bado ndiyo tiba ya kawaida. Dripu zile za alfajiri zilikuwa na sababu: maji mengi hupunguza muda ambao dawa inakaa ikigusa kuta za vijifereji.

Diklofenaki na ibuprofeni zina njia tofauti kabisa, na hapa naomba msomaji anifuate polepole kwa sababu jambo hili linaamua mengi huko mbele. Dawa hizi za maumivu haziui seli za kijifereji moja kwa moja. Zinazima kemikali ambayo mwili huitumia kupanua mshipa mdogo unaopeleka damu kwenye kichujio. Ukiwa mzima na umekunywa maji, hutagundua kitu. Ukiwa umeharisha siku mbili, au moyo wako ni dhaifu, au unakunywa vidonge vya presha pamoja na vya kukojoza, mshipa ule ulikuwa unategemea kemikali hiyo ili ubaki wazi. Ukiizima, kichujio kinakosa damu. Nchi za Asia ya Kusini zilijifunza nguvu ya diklofenaki kwa njia ya ajabu: ng'ombe walichomwa sindano hiyo, tumbusi wakala mizoga yao, wakafa kwa figo kushindwa, hadi baadhi ya aina zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Chanzo kilitangazwa mwaka 2004 baada ya uchunguzi uliofanywa Pakistani, na mwaka 2006 India ikapiga marufuku diklofenaki ya mifugo.

Sasa mmea unaingilia wapi? Jentamisini na sisplatini, pamoja na milango yake tofauti, hukutana kwenye hatua moja: zote husababisha seli izalishe radikali huru, yaani chembe za kemikali zenye pupa ambazo hunyakua elektroni kutoka kwa chochote kilicho karibu, mafuta ya utando wa seli, protini, vinasaba. Mimea mingi yenye rangi kali, ukakasi au harufu ya kupenya ina antioksidanti, vitu vinavyokubali kutoa elektroni ili seli isinyang'anywe yake. Vingine, kama kukumini ya manjano, husukuma seli izalishe kinga zake yenyewe. Wazo ni zuri na lina mantiki. Maabara ikalipima.

Jaribio la kawaida huenda hivi. Panya weupe wa maabara, kila mmoja na uzito wa kama gramu 200, wanagawanywa makundi ya sita sita. Kundi moja halipewi kitu, la pili linapewa jentamisini peke yake, la tatu jentamisini pamoja na dondoo la mmea kwa kipimo kidogo, la nne kwa kipimo kikubwa. Baada ya siku nane au kumi wanauawa, damu inapimwa krietinini na urea, taka ambazo hupanda figo zikishindwa kuzitoa, figo inakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Kwa panya wa kundi la pili mtaalamu huona vijifereji vilivyoporomoka, seli zimebanduka na kuziba njia. Kwa la nne huona vijifereji vilivyosimama, na uvimbe kidogo hapa na pale. Tofauti huonekana wazi. Siwalaumu watafiti wanaoifurahia, nami ningeifurahia.

Lakini tazama kipimo. Panya hao hupewa jentamisini kiasi cha miligramu 80 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito, maana panya ni sugu na lengo ni kuhakikisha figo inaharibika. Huwezi kuhamisha namba hiyo kwa binadamu moja kwa moja. Mwongozo wa mamlaka ya dawa ya Marekani wa mwaka 2005 unasema kipimo cha panya kigawanywe kwa 6.2 ili kupata kinacholingana nacho kwa mtu mzima. Miligramu 100 zinakuwa kama 16, wakati mgonjwa wodini hupewa tano au pungufu kidogo kwa kila kilo.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa mmea. Kipimo kinachotajwa mara kwa mara ni miligramu 400 za dondoo kwa kila kilo ya panya. Ukigawa kwa 6.2 unapata kama 65. Mgonjwa wa kilo 60 atahitaji karibu gramu nne za dondoo kavu kila siku. Na dondoo halimaanishi unga wa majani. Ni kile kinachobaki baada ya majani kulowekwa kwenye spiriti au methanoli, kuchujwa, na kimiminika kuachwa kiruke. Tuseme katika gramu 100 za majani makavu zinatoka gramu 10. Basi mgonjwa wetu atahitaji gramu 40 hivi za majani makavu kwa siku, ambayo yakiwa mabichi ni fungu zima la sokoni, na hata hivyo akiyachemsha kwa maji hatapata vitu vilevile vinavyotolewa na methanoli. Chupa ya jirani yetu ilikuwa na kiasi gani? Hakuna aliyejua, yeye mwenyewe hakujua. Mlonge uliochumwa masika na uliochumwa kiangazi haulingani, wa kivulini na wa juani haulingani.

Kuna jingine lililonikaa moyoni kuliko hesabu. Panya wa maabara ni kijana na mzima. Hana kisukari, hana presha, hajaharisha, hana homa, hanywi dawa nyingine. Mara nyingi ameanza kupewa mmea siku kadhaa kabla ya sumu. Mgonjwa wa kweli huja akiwa na miaka 60, amepungukiwa maji, anakunywa vidonge vinne tofauti, na ndugu huleta chupa wakati krietinini imeshapanda. Tena panya huyo hana saratani. Hili kwa wagonjwa wa sisplatini ni swali zito: ikiwa mmea unaikinga seli ya figo dhidi ya dawa, nani kasema hautaikinga na seli ya saratani? Kumponya panya mzima figo hakujibu swali hilo hata kidogo.

Na kwa diklofenaki? Kumbuka njia yake. Kinachokosekana pale ni damu ya kufika kwenye kichujio. Antioksidanti inaweza kupunguza maumivu ya seli zilizokosa hewa, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya maji mwilini wala ya kuacha kidonge chenyewe. Mtu anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti huku akinywa habbasoda "ya kusafisha figo" anaufagia uvujo wa bomba na bomba bado limefunguliwa.

Je, binadamu wamejaribiwa? Kidogo, na matokeo yanafundisha. Nchini Kanada, katika hospitali 10, wagonjwa 606 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa mshipa mkuu wa tumboni waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa kukumini, dozi nane za miligramu 2,000 kwa siku nne, wengine vidonge visivyo na kitu. Upasuaji huo huumiza figo, na katika wanyama kukumini ilikuwa imefanya vizuri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Haikulinda. Waliopata jeraha la ghafla la figo walikuwa asilimia 17 kwenye kundi la kukumini, na asilimia 10 kwenye kundi lingine. Upasuaji si sawa na dawa, nakubali, lakini ni mmea uleule, kiungo kilekile na nadharia ileile ya kinga.

Yanayofanana na hayo yalikuwa yameshatokea kwa N-asetili-sisteini, ambayo si mmea lakini hufanya kazi iliyodaiwa kufanywa na mimea. Mwaka 2000 utafiti wa watu 83 ulionyesha kuwa inakinga figo dhidi ya dawa ya rangi inayodungwa kabla ya kupigwa picha ya CT. Hospitali duniani kote zikaanza kuitoa. Mwaka 2018 utafiti wa takriban watu 5,000 ukakuta haina tofauti na kidonge kitupu. Miaka 18 dawa ilitolewa kwa nia njema. Nikiona matokeo ya panya sita sita, nayakumbuka hayo.

Halafu kuna upande ambao ujumbe wa simu hautaji kabisa: mmea wenyewe unaweza kuwa ndio unaoua figo. Mapema miaka ya 1990 mjini Brussels wanawake waliokuwa wakipunguza unene kwenye kliniki walipewa vidonge vyenye mmea wa Kichina. Majina ya mimea miwili yalifanana, ukaingia usio wenyewe, wa jamii ya aristolokia. Zaidi ya watu 100 waliharibika figo, wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo nyingine. Baadaye kati ya wagonjwa 39 waliotolewa figo na mirija iliyokufa, 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo. Afrika Kusini kuna mzizi uitwao impila, jina ambalo kwa Kizulu linabeba maana ya afya, nao umeua watu kwa kuharibu ini na figo kwa pamoja.

Kwetu pwani kuna mfano ulio karibu zaidi, na nadhani wachache wanaufahamu. Birimbi, lile tunda chachu tunalotia kwenye achari na mchuzi wa samaki, lina asidi ya oksaliki kwa wingi. Huko Kerala, India, watu waliolikamua na kunywa juisi yake nzito wakitaka kushusha kolestero walifika hospitali na figo zilizosimama ghafla. Visa kumi vilichapishwa mwaka 2013. Wengi walihitaji kusafishwa damu kwa mashine kabla figo hazijarejea. Vipande viwili vya birimbi kwenye chungu cha watu sita havijamdhuru mtu. Glasi nzima ya maji yake asubuhi tumbo likiwa tupu ni kitu kingine, ingawa mti ni uleule.

Niongeze na dawa za asili za maumivu zinazouzwa kwenye chupa zisizo na maelezo. Wakaguzi wa nchi mbalimbali wamewahi kukuta ndani yake dawa za hospitali zilizosagwa, diklofenaki na deksamethasoni zikiwemo. Ukiona dawa ya mizizi inatuliza goti ndani ya nusu saa, uliza. Na mgonjwa ambaye figo zimeshachoka ana hatari ya potasiamu: majani mengi ya kijani yaliyokamuliwa yanaibeba kwa wingi, na ikipanda kwenye damu moyo unaweza kusimama.

Yanayolinda figo leo, ambayo yamepimwa kwa watu, mengi ni ya bei ndogo. Maji ya dripu kabla na baada ya sisplatini, na magnesiamu. Jentamisini kutolewa mara moja kwa siku badala ya mara tatu, kwa sababu megalini ni mlango unaojaa: ukipeleka dozi kubwa kwa mkupuo, sehemu kubwa inapita na mkojo kabla mlango haujaweza kuivuta, halafu seli inapata saa nyingi za kupumua. Kutochanganya jentamisini na diklofenaki. Kipimo cha krietinini kabla ya kuanza, na tena katikati ya matibabu, kwa kuwa krietinini haipandi waziwazi mpaka figo zimepoteza karibu nusu ya uwezo. Namba moja peke yake husema kidogo, mbili zikilinganishwa husema mengi. Ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuuliza, "Daktari, krietinini yake ilikuwa ngapi juzi, na leo ni ngapi?" Wanaotumia ARV zenye tenofova nao wapimwe, wala wasiache dawa kwa hofu, maana madhara yake kwa figo hayatokei kwa wengi na yakionekana mapema kuna dawa mbadala.

Sisemi mimea iachwe kutafitiwa. Natamani kinyume chake. Muhimbili wana Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti miaka ya 1970, Tanzania ina sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 na baraza lake, na mlonge umejaa kwenye ua zetu. Panya mia nyingine hawatatusogeza mbali. Tunachohitaji ni dondoo lenye kipimo kinachojulikana, kwa wagonjwa waliokubali kwa hiari, nusu wakipewa na nusu wasipewe, na krietinini ikiandikwa kila siku. Kazi hiyo inaweza kufanywa hapa.

Chupa ya jirani ilikaa chini ya kitanda cha shangazi wiki nzima, imefungwa kwenye khanga. Alikuwa anakunywa kidogo kidogo na kuficha, akiogopa kufokewa. Siku ya dripu nilimwambia, "Shangazi, tumwonyeshe tu." Daktari hakufoka. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaitikisa, akauliza imechanganywa na nini na anakunywa saa ngapi, kisha akaandika kwenye faili. Akamwambia, "Mama, mpaka tumalize dripu ya mwisho naomba tuiweke pembeni, maana figo zikibadilika sitajua nimlaumu nani, dawa yangu au hii." Shangazi akauliza kama mlonge wenyewe ni haramu kwake. Daktari akatazama potasiamu kwenye majibu ya asubuhi, ilikuwa sawa. "Kwenye sahani, kula. Kwenye chupa, bado."

Jumamosi jirani alipokuja kumjulia hali tulimweleza hivyo hivyo. Alinyamaza kidogo, akaomba kisu na ungo, akatoka uani. Jioni tulikula ugali na majani ya mlonge yaliyopikwa kwa nazi, na shangazi, ambaye kwa siku tatu hakuwa na hamu ya chakula, aliongezwa mara mbili.